Mbuzi wa Maabara Aliyeguswa Mgongo

Katika nyumba ya marehemu Mwalimu Stanislausi, pale Butiama, mgeni hajawahi kuondoka akinung'unika, na Tabitha, bintiye wa kwanza, aliilinda sifa hiyo kama macho yake. Jumamosi ile alifika na kiboksi cha barafu kutoka maabara anakofanya kazi, Musoma, akamkuta Mzee Magige wa Nyamuswa ameketi uani. Ni baba wa Boke, mchumba wa mdogo wake Gabriel. Gabriel ananoa kisu. Na aliyefungwa mtini ni Malkia, mbuzi wa maabara anayetunzwa hapo nyumbani.

"Mama, siyo huyu."

"Wetu wote ni vitoto," Bi Jenoveva alinong'ona. "Mkwe ameshaonyeshwa huyu, ameshamgusa mgongo kumkubali. Tunabadilishaga mbuzi aliyeguswa? Unataka Nyamuswa nzima itucheke?"

Tabitha alikuwa amemchoma Malkia sindano kwa miezi: dozi ndogo za protini ambayo seli huitoa kupeana habari mwili unapovimba na kuwaka kwa ndani. Mbuzi, kwa kuiona ngeni, akatengeneza kingamwili za kuinasa. Zikichujwa kutoka kwenye damu yake, zingeinasa protini hiyohiyo katika damu ya wagonjwa wa Bunda, ijulikane nani anawaka ndani. Malkia akichinjwa, kazi yote inaanza upya. Tena nyama ya mbuzi wa sindano hailiwi.

Heri aibu kuliko kumlisha mkwe dawa. Tabitha akapiga goti, akamweleza mzee yote.

Magige akamgeukia Malkia. "Kwa hiyo Boke wangu anaolewa kwenye nyumba ambayo hata mbuzi ameajiriwa?"

"Ndiyo, baba."

"Anapewaga likizo?"

"Bado hajathibitishwa kazini."

Mzee alicheka hadi fimbo ikamdondoka. "Nimemgusa, ni wangu, habadilishwi. Mtunzeni hapahapa, afanye kazi. Mimi nipeni kuku."

Uso wa Bi Jenoveva haukulainika. "Kuku, mkwe? Watasema mjane wa mwalimu hana mbuzi."

"Nitawaambia anaye, ila nilimkuta kazini."

Bi Jenoveva akalipima jibu hilo, akaona linasimulika hata kanisani. "Basi wawe majogoo wawili," akasema, akamtuma Gabriel akawakamate.

Mzee, mfugaji tangu utoto, akamshika Malkia pembe kwa mikono yake mwenyewe, na Tabitha akaanza kuutafuta mshipa shingoni, atoe damu ya kupeleka maabara kwenye kiboksi.