Milima ya Majella, Ghorofa ya Nne

Harufu ya rangi ya kucha, kwa watu wengi, ni harufu ya harusi. Kwangu mimi ni harufu ya milima ya Italia, mahali ambapo mpaka leo sijakanyaga. Nikipita nje ya ile saluni pale Wheaton, mlango ukafunguliwa na harufu kali ikanipiga puani, naona mawe meupe, naona kondoo, nahisi upepo wa baridi shingoni. Halafu naendelea na safari yangu ya kwenda kazini. Nitawaeleza ilivyokuwa, nanyi mtaona kwamba sijachanganyikiwa.

Miaka ya tisini ikielekea mwisho, mimi na Mama tulikuwa tunaishi Silver Spring, huko Marekani, ghorofa ya pili ya jengo refu la matofali. Korido za jengo lile zilifanana zote: zulia la rangi ya matope, taa zinazovuma kama nyuki, milango ya kahawia huku na huku. Ukitoka kwenye lifti ulijua umefika wapi kwa pua tu. Ghorofa yetu ilinukia vitunguu vya kukaanga. Ya tatu ilikuwa ya Wakongo, ilinukia mawese na samaki. Ya nne haikuwa na harufu yoyote, labda sabuni kidogo, na huko ndiko alikoishi Mzee Donato.

Kazi ya Mama ilikuwa kumtunza huyo mzee: kumwogesha, kumpikia, kumpa dawa, kumkumbusha leo ni siku gani. Aliajiriwa na binti yake, Lucia, aliyekaa Bowie, mji wa mbali kidogo, kwenye nyumba yenye majani mbele na nyuma, na aliyekuja kila Jumamosi na gari limejaa vyakula. Mimi nikitoka shule nilipanda moja kwa moja hadi ghorofa ya nne, nikafanya homuweki mezani kwa mzee huku Mama akipiga pasi. Nilimwita Babu. Alipoelezwa maana yake alifurahi sana, kwa kuwa wajukuu wake wenyewe walimwita kwa jina.

Babu Donato alizaliwa chini ya milima inayoitwa Majella. Alipoiacha, akiwa kijana, ilikuwa milima tu, mahali pa kuchungia kondoo wa baba yake. Sasa alipokuwa mzee, serikali ya huko ikaifanya hifadhi ya taifa, na mpwa wake akamtumia ramani ya njia za watalii. Ramani ile ilifunika meza yote. Ilikuwa na mistari ya kahawia iliyojizungusha kama alama za vidole, na njia zenyewe zimechorwa kwa rangi nyekundu, kila moja na namba yake. Namba zile zilimuudhi.

"Angalia hii," aliniambia, akigonga karatasi kwa kucha. "Njia ya kondoo wetu. Wameipa namba kama basi!"

Tulizungumza Kiingereza, mimi changu cha shuleni, yeye chake chenye mikono mingi. Akanifundisha kutembea. Nilitumia vidole viwili, hivi, kama miguu, nikianzia kijijini kwao. Kupanda ilibidi niende polepole. Nikikimbia alinirudisha chini nianze upya. Tukifika penye chemchemi ilikuwa lazima tusimame tunywe maji, na Mama alituletea maji kweli, kwenye vikombe. Tukifika juu kwenye vibanda vya mawe, vile vya duara ambavyo wachungaji walijenga bila udongo wala saruji, tulipumzika. Babu alifumba macho. Mimi nilifumba pia, nikasikia kengele za kondoo, ingawa najua ilikuwa lifti.

Mama hakuielewa shughuli hii hata kidogo. Yeye ni Mpare, amekulia mlimani.

"Hao watalii wanapanda kufuata nini huko juu?" aliuliza.

"Hawafuati kitu, Mama. Wanatembea tu."

"Wanatembea tu!" Akageuza shati kwenye ubao wa pasi. "Kwetu ukimkuta mtu anapanda mlima mikono mitupu, unampa pole. Unajua amefiwa."

Katika yote aliyonifundisha, nililoshika zaidi ni alama. Njia za kule zinawekwa alama ya rangi kwenye mawe na miti: mstari mwekundu, mstari mweupe. Babu aliwahi kuzipaka mwenyewe ujanani, kwa ajili ya wageni wachache waliopanda wakati huo. Alisema mtu asiyejua kazi hupaka ovyo, hata pale njia ilipo wazi. Anayejua huweka alama mahali ambapo mgeni atasita: penye njia panda, penye kona, pale miguu inaposimama na macho yanaanza kuuliza.

Sasa, Babu mwenyewe alikuwa ameanza kusita. Mara ya kwanza alikutwa ghorofa ya tatu, anahangaika kufungua mlango wa Wakongo kwa ufunguo wake. Walimkaribisha, wakamlisha, akarudi na bakuli la pondu, kisamvu chao, na furaha tele. Tulicheka. Mara ya pili alikutwa kituo cha basi, na viatu vya kulalia miguuni, asubuhi ya barafu. Hapo hakuna aliyecheka. Lucia alikuja siku ya Jumatano, na Lucia hakuwa mtu wa kuja Jumatano.

"Eliza, sikulaumu," alimwambia Mama jikoni. "Lakini akipotea tena nampeleka nyumba ya wazee. Nimeshapata nafasi."

Mama akajibu sawa. Tulipokuwa tunashuka na lifti ndipo aliponiambia, akiangalia mlango, "Naki, kazi hii ikiisha, tunarudi kulala sebuleni kwa Anti Njoki."

Anti Njoki alikuwa rafiki yake Mama, Mkenya, nesi, anakaa jengo la jirani na watoto wake wanne. Nilimpenda sana, lakini sebule yake niliijua. Na kwa Anti Njoki hakukuwa na milima. Niliwaza hivyo usiku kucha, na kesho yake nikaenda kumwomba rangi ya kucha nyekundu.

"Ya nini, wewe mtoto? Unaenda disko?"

"Ya kumsaidia Babu asipotee. Alama kama za milimani kwao."

"Ati milima!" Alicheka mpaka akashika meza. "Mimi nilitoroka milima ya Murang'a nikiwa na mzigo wa kuni mgongoni, huyu naye anaililia. Haya, chukua hiyo, imeanza kukauka. Na mamako akikuuliza, hukunipata nyumbani."

Nyeupe niliipata shuleni, ile dawa ya kufutia makosa ya kalamu. Nikaanza kazi. Kutoka mlango wa Babu hadi lifti, na kutoka lifti hadi mlango wetu, kila mahali ambapo mtu angesita niliweka mstari mwekundu na mstari mweupe, vidogo, kama kidole cha mtoto. Korido nzima ikanuka saluni.

Mama aliziona siku ileile. Alisimama na ndoo mkononi, akaniangalia, akaangalia ukuta. Mama yangu alikuwa mtu wa kufuta mpaka alama ya mkono wa mgeni kwenye mlango. Nilimweleza huku nimeshika masikio, nikisubiri kofi.

"Hiyo ya kwenye kona umeiweka chini mno," alisema hatimaye. "Mzee haangalii chini." Akaweka ndoo, akaninyanyua, nikaipaka nyingine juu zaidi.

Na ikafanya kazi! Babu aliziona, akazigusa, akanung'unika kwamba mistari yangu imepinda, lakini akazifuata. Kila alasiri alivaa koti lake na viatu vya ngozi, akasafiri kutoka ghorofa ya nne mpaka kwetu, akagonga, akanywa chai ya maziwa, akarudi. Majira ya baridi yote hakupotea hata mara moja. Lucia alianza kutabasamu tena siku za Jumamosi.

Kisha ikaja siku moja ya mwanzo wa joto. Mama alikuwa ameshuka chini kwenye mashine za kufulia na mashuka ya Babu. Nilipotoka shule nikakuta mlango wa ghorofa ya nne uko wazi na kiti hakina mtu. Mama akatokea nyuma yangu na kapu la nguo. Tulienda kwetu, hayupo. Kwa Wakongo, hayupo. Kituo cha basi, hayupo. Anti Njoki akatoka na gari lake kuzunguka mitaa, bado na nguo za kazini.

Mama angeweza kungoja kwanza. Wengine wangengoja. Yeye alishika simu, akampigia Lucia kazini. "Miss Lucia, njoo. Simwoni Mzee."

Lucia alipofika, uso mweupe kama karatasi, alimpita Mama kama hamwoni. Hilo liliniumiza kuliko kama angefoka. Nilikwenda kukaa kwenye zulia nje ya mlango wetu, pale alama zangu zilipoishia, nikalia. Nilipoinua kichwa kujifuta, nikaona alama nyingine. Ilikuwa kwenye fremu ya mlango wa ngazi: mstari mwekundu, mstari mweupe, imenyooka vizuri. Haikuwa yangu. Nilipoigusa, ilikuwa bado mbichi.

"Lucia!" niliita. "Mama!"

Lucia alikuja mbio. Akaweka kidole kwenye ule wekundu, akanusa, akaonja.

"Nyanya," alisema. "Ni nyanya ya kopo." Mstari mweupe ulikuwa dawa ya meno.

Tukashuka ngazi. Kulikuwa na alama penye kona ya ngazi, na nyingine kwenye mlango wa nyuma, ule wa kutolea takataka. Nje, penye nguzo ya taa, alama. Ng'ambo ya barabara, kwenye mti wa kwanza wa kijisitu, alama. Njia ilipogawanyika, alama kwenye mti wa kushoto. Lucia sasa alikuwa mbele, na viatu vyake vya ofisini vinazama kwenye matope, anasema peke yake kwa Kiitalia. Nyuma Mama anahema, ameshika sketi.

Babu alikuwa amekaa juu ya jiwe, kando ya kijito, amevua kofia. Kopo la nyanya lilikuwa mfuko mmoja wa koti, dawa ya meno mfuko wa pili.

"Mbona mmechelewa?" alimuuliza binti yake. "Nimeweka alama kila mahali."

Lucia alikaa palepale kwenye tope, akaweka kichwa kwenye goti la baba yake kama mtoto. Mama akafika: "Mzee wewe! Mzee wewe jamani, utaniua!" Babu, ambaye alijua neno moja tu la Kiswahili, akasogea kidogo kwenye jiwe akamwambia, "Karibu."

Habari ya nyumba ya wazee haikutajwa tena. Shule zilipofungwa Lucia alimhamishia kwake Bowie, akamtaka Mama aendelee kumtunza huko, na Mama akawa anaendesha kila asubuhi gari kuukuu alilouziwa na Anti Njoki. Jumamosi nilikwenda naye. Bowie ni tambarare na watu hawatembei, lakini ramani ilifunika meza ya huko vilevile, na chemchemi zilikuwa palepale.

Kuna jambo moja ambalo nililiona bila kulielewa. Siku iliyofuata ile tuliyompata Babu kijitoni, Mama alichukua ndoo na kitambaa, kwa maana hakuweza kuuacha mti wa watu umepakwa nyanya. Nilimsindikiza. Tulifuta njia nzima mpaka kwenye kijito, mti baada ya mti. Kisha tukageuka kurudi, mimi nikitafuta za kufuta upande wa pili, nisizipate. Nilifurahi tu kwamba kazi imekwisha mapema.

Miaka mingi ilipita ndipo nikajua kwamba njia ya mlimani huwekwa alama pande zote mbili za mti, upande mmoja kwa anayekwenda na mwingine kwa anayerudi. Babu alilijua hilo kabla sijazaliwa. Mimi nilidhani alipaka zile nyanya asipotee, kama nilivyompakia mimi. Lakini angegeuka kurudi kutoka kijitoni, asingeona kitu ila magome ya miti. Alama zote zilitazama nyumbani, zikitungoja sisi.