Sihaba na Haidari Walivyoiacha Tumbaku

Sihaba binti Mustapha hakuwa mtu wa kushindwa na jambo. Alipoolewa Mbwera akitokea Ruaruke, hata kushika kafi hakujua. Mwaka haukwisha, akawa anavuka na mtumbwi peke yake kwenda kwenye shamba lake la mpunga ng'ambo ya mto, na wifi zake waliomcheka ndio wakawa wanamwomba awavushe. Mikeka yake ilitafutwa mpaka Kibiti. Mumewe akisema jambo fulani haliwezekani, mara nyingi alimkuta mkewe ameshalianza.

Mume huyo, Haidari, alikuwa mkwezi wa minazi, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Alikuwa mtu wa maneno machache, mcheshi wa chini kwa chini, na mnazi wowote uliowashinda wengine aliitwa yeye. Sigara nayo aliianzia huko huko minazini, enzi za ujana, wakati wa kungoja zamu yake ya kupanda. Kila Ramadhani aliiacha mchana kutwa, na kila magharibi aliiwasha kabla hata ya kumaliza tende.

Asubuhi moja aliitwa kuangua nazi za mzee Seleman, karibu na bandarini, watu wamekaa wanasubiri boti ya kwenda Nyamisati. Alipanda kama kawaida yake. Alipofika katikati, kifua kikambana. Akaukumbatia mnazi, akakohoa, akakohoa tena, na kwa muda mrefu hakuweza kwenda juu wala kushuka. Mwanzoni watu walidhani anatania. Hatimaye aliteremka polepole, akakaa chini na uso uliopauka kama majivu. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Alirudi nyumbani, akalitundika panga lake ukutani, akamwambia mkewe, "Mama Twalha, nataka kuziacha hizi sigara. Nisaidie."

Sihaba alilipokea neno lile kama mtu aliyekabidhiwa vita. Siku hiyo hiyo alikwenda dukani kwa Sufiani, akampiga marufuku kumuuzia mumewe hata sigara moja. Akawaambia wifi zake, akawaambia majirani, ili kila jicho la Mbwera limsaidie kulinda. Alipekua mifuko ya suruali, alinusa mashati kabla ya kuyafua. Haidari akikawia chooni, alikwenda kusimama nje na kujikohoza. Haidari, ambaye hata zamani hakuwa msemaji, akanyamaza kabisa. Sigara alizipata kwa mabaharia wa maboti, watu ambao marufuku ya Sihaba haikuwafikia.

Siku moja akitafuta upawa jikoni, Sihaba aliona pakiti imechomekwa kwenye makuti ya paa. Mchana ule mdogo wake Haidari, Nassibu, alikuwa amekuja kula. Sihaba alipakua wali, akamwagia mchuzi wa samaki, kisha akaiweka ile pakiti juu ya wali, katikati ya sinia, akawaandalia. Haidari aliitazama. Akanawa mkono ambao haujagusa chakula, akainuka, akatoka. Nassibu naye hakula sana.

Sihaba aliosha vyombo huku akijiambia kwamba dawa ni chungu lakini ndiyo inayoponya. Hata hivyo moyoni alijua amemwaibisha mtu aliyemwomba msaada. Kesho yake alimwambia waende zahanati pamoja, na Haidari akakubali, maana kifua kilikuwa bado kinamsumbua.

Muuguzi wa pale, Kristina, alikuwa binti wa kutoka bara, mpole lakini asiyezunguka mbuyu. Aliwaamkia, akachukua makohozi ya Haidari yakapimwe kifua kikuu, ambacho baadaye hakikuonekana. Kisha akamuuliza ni saa zipi sigara humwita zaidi. Haidari alifikiri, akasema ni baada ya kula na akishuka mnazini. Kristina akamweleza kwamba mwili wake umeizoea tumbaku kwa miaka mingi, na siku za mwanzo utaidai kwa hasira, kichwa kuuma na usingizi wa mang'amung'amu, kisha madai yatapungua. Wengi wanaoacha, alisema, huanguka na kuanza tena zaidi ya mara moja, na si kwamba ni watu dhaifu.

Sihaba alisikiliza, halafu akauliza lililomleta: ambane vipi ili asipate pa kupenyea?

Kristina alimtazama kwa adabu. "Samahani, mama. Hapo shavuni una nini?"

"Tambuu tu," Sihaba akajibu.

"Na ndani ya tambuu umetia nini?"

Sihaba alikuwa ametia popoo, chokaa, na tumbaku, kama alivyofanya mama yake, na bibi yake, na kila mwanamke mtu mzima aliyemfahamu.

"Ni ile ile, mama," Kristina alisema. "Yake inapita kwa moshi, yako inapita shavuni. Na kansa ya mdomo haichagui."

Haidari aligeuza uso akaangalia dirishani, akijitahidi mabega yake yasitikisike.

Njiani Sihaba aliikumbuka methali ya nyani na kundule, na alikuwa anaingoja itamkwe. Ilipochelewa alishindwa kuvumilia, akamwambia mumewe aseme basi, amalize. Haidari akasema hana la kusema. Walipokaribia nyumbani ndipo alipoongeza, "Ila nilikuwa nakuonea wivu. Ya kwako hakuna aliyekuwa anainusa."

"Basi na mimi naiacha," Sihaba akasema. "Ijumaa hii." Alilisema hilo kwa uhakika ule ule aliokuwa nao miaka ile alipoingia mtumbwini bila kujua kupiga kafi.

Ijumaa ilipofika wakaacha wote wawili. Kijaluba chake cha tambuu Sihaba alimpelekea wifi yake Zaitun, akamwambia akichukue kabisa. Zaitun alicheka, akasema anakiweka tu kama amana, mwenyewe atakuja kukitaka. Haikupita siku mbili, Sihaba alikuwa kichwa kinamgonga na ulimi haujui ukae wapi. Alizoea, kila akimaliza safu moja ya ukili, mkono kwenda kijalubani. Sasa mkono ulikwenda na kurudi mtupu, akawa anasuka ovyo na kufumua. Akawagombeza kuku. Akajikuta mlangoni kwa Zaitun anaazima chekecheke ambalo yeye mwenyewe analo. Aliporudi na chekecheke la watu mkononi, akamkumbuka mumewe kule chooni na yeye nje anajikohoza, na aibu ikamshika.

Haidari alikuwa uani ananoa panga. Sihaba akasimama mbele yake akasema, "Baba Twalha, imenishika."

Haidari aliliweka panga chini. Hakumwambia ajikaze. Alikata dafu, akampa, akakaa naye mkekani na kuanza kumsimulia habari za shangazi yake mmoja aliyegombana na kijiji kizima kwa ajili ya bata. Habari ilikuwa ndefu na haikuwa na maana yoyote. Ilipokwisha, kiu ile ilikuwa imepita.

Hiyo ikawa desturi yao. Aliyeshikwa alisema, na mwenzake aliacha alilokuwa nalo. Wakati mwingine walitafuna korosho za kukaanga, wakati mwingine walikwenda mtoni kukagua mtumbwi usiokuwa na tatizo. Sihaba aliacha kupekua mifuko. Alirudi pia kwa Sufiani kuiondoa marufuku yake. "Mume wangu ni mtu mzima," alimwambia. "Akija kununua, muuzie. Lakini hatakuja."

Dukani kweli Haidari hakwenda. Alianguka kwingine, msibani Bungu, alikokwenda kumzika binamu yake. Wanaume wamekaa kwenye jamvi, pakiti inazunguka, na majonzi yana njia zake. Aliporudi kwa boti alimkuta Sihaba anaanika mpunga, na kabla ya kukaa akamwambia, "Nilivuta. Na si moja."

Maneno yote ya zamani yalimpanda Sihaba mpaka kooni. Akayameza, akauliza, "Ilikuwa tamu?"

Haidari alifikiri kama kawaida yake. "Ya kwanza chungu. Ya pili tamu. Hiyo ya pili ndiyo iliyonitisha."

"Basi umejua inapokuvizia. Msiba mwingine tunakwenda wote," Sihaba akasema, akaenda kumtilia maji ya kuoga.

Haidari akaanza upya, na safari hii ikashika. Kikohozi kilipungua taratibu. Alianza kupanda minazi mifupi, kisha ya wastani, na msimu ulipogeuka akawa anaitwa tena kwenye ile mirefu, japo sasa alipumzika katikati bila kuona haya. Sihaba naye fizi zake ziliacha kutoa damu, na ulimi ukaanza kuonja upya. Alilalamika kwamba kumbe miaka yote hii alikuwa anazidisha chumvi kwenye mboga na hakuna aliyemwambia. Haidari alisema walikuwa wanaogopa.

Mwaka huu mke wa Nassibu, Muzdalifa, alikuja na mumewe akitaka Sihaba amfundishe namna ya kumnyang'anya sigara. Sihaba aliwakaribisha, akamuuliza kwanza Nassibu kama mwenyewe anataka kuacha. Nassibu alisema kwa kweli bado. Sihaba akaeleza yaliyomkuta yeye, la chekecheke na yote, kisha wakazungumza mengine. Muzdalifa aliondoka amenuna.

Baada ya mavuno Nassibu alirudi peke yake, akasema sasa anataka. Mpaka leo ameacha, amerudia, ameacha tena. Muzdalifa anajitahidi asimpigie kelele, ingawa siku nyingine kelele zinamponyoka. Zikimponyoka, huja kwa Sihaba kueleza, na Sihaba humsogezea mkeka, wakasuka pamoja mpaka atulie.