Machozi Yangu kwenye Televisheni ya Duka

Kulikuwa na wakati nilipoolewa kila siku isipokuwa Jumapili. Asubuhi mwenye duka la vyombo vya umeme, ng'ambo ya barabara, alifungua mlango, akafuta vumbi la usiku kwenye televisheni kubwa aliyoiweka barazani, akachomeka flashi, na mimi nikaanza upya kutolewa mahari mbele ya soko zima la Baraka. Nilikuwa upande wa pili na cherehani yangu, nashona sare za shule za watoto wa watu. Nikiinua macho, najiona. Nikiyainamisha, nasikia spika zikipiga vigelegele vya shangazi zangu. Pa kugeukia sikuwa napo, maana kibaraza chenyewe kilikuwa kimoja na mwanga wa kushonea ulitokea barabarani.

Wakati ule mji wetu wote, huku Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, ulikuwa wa DVD. Nyumba yenye paneli ya jua ilikuwa na deki, na kando ya deki rundo la diski zilizokwaruzika, ambazo baba wa nyumba alizifuta kwa shati lake na kuapa kwamba safari hii zitacheza. Mwenye duka, ambaye sote tulimwita Patron, yaani bosi, akarudi kutoka Kigoma na shehena ya televisheni bapa zinazosoma flashi moja kwa moja, bila deki. Alidhani watu watazigombania. Watu walikuja, wakaigeuza ile flashi kwenye kiganja, wakamrudishia kwa adabu. Nakumbuka mfugaji mmoja aliyeshuka kutoka Minembwe kuuza jibini. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko wengine wote.

"Sasa film iko wapi humu ndani?" aliuliza. "Mi naona kikucha tu."

Hakuwa mjinga hata kidogo. Diski unaiona, inang'aa, ina picha ya mtu ameshika bunduki. Flashi haikuonyeshi chochote, na sisi watu wa huku tumeshadanganywa na vitu vingi visivyoonekana ndani.

Patron aliweka filamu za kigeni, watu wakasimama kidogo, wakaenda zao. Ndipo alipokumbuka jambo ambalo kila mtu Baraka analijua: mwigizaji wa mbali hatuna haja naye, lakini mweke jirani yetu kwenye televisheni na barabara itafungika. Akatangaza kwamba atapiga picha za arusi moja bure, kwa kamera nzuri kabisa, familia itapewa flashi yake iwe zawadi, na yeye ataruhusiwa kuionyesha dukani. Baba yangu ndiye aliyefika wa kwanza. Baba yangu anapenda sifa kuliko chakula, namsema hivi akiwa hai na anajua ninavyomsema.

Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari na nimepata diploma yangu, cheti cha kumaliza shule. Nilitaka kwenda mjini Uvira kusomea uuguzi, na nilikuwa nimekwisha kuuliza hata nyumba ya kufikia. Mfanyabiashara mmoja wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, mtu mzima tayari, ambaye kwao ni Swima, akatuma wazee wake. Nilirudi kutoka kuteka maji nikawakuta wanakunywa soda uani na baba anacheka kicheko chake cha wageni. Habari ya Uvira iliishia hapo, na mimi sikuulizwa.

Lakini kwetu kuna pahali ambapo binti lazima aulizwe. Siku ya mahari anaketi juu ya mkeka, kitenge kichwani, mama yake kando yake, naye amejifunika chake. Mali ikishapangwa uani, mbuzi, blanketi, vitenge, majembe, baba anamgeukia mbele ya familia zote mbili na kumuuliza: tupokee? Anauliza mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili binti ananyamaza, ndiyo heshima. Mara ya tatu anajibu, na bila jibu lake hakuna anayegusa hata kamba ya mbuzi. Tena ni lazima alie. Anayecheka siku hiyo watasema alikuwa amechoka kuosha sahani za mama yake.

Basi nililia. Patron alimwomba shangazi yangu anifunue uso ili kamera ione vizuri, na shangazi akanifunua. Nililia mpaka kifua kikauma, na kadiri nilivyolia ndivyo wageni walivyotikisa vichwa kwa kuridhika. Huyu amelelewa, walisema. Uwanja ule ulikuwa na watu wengi, na hapakuwa na hata mmoja wa kujua kwamba nilikuwa nalia kweli.

Baba akauliza mara ya kwanza, akauliza ya pili. Aliponiuliza mara ya tatu, nikanyamaza. Nilikuwa nimewaza usiku kucha na kuamua: hiyo ndiyo nafasi yangu pekee, nami nitanyamaza mpaka waondoke na mbuzi wao. Kimya kikarefuka. Wazee wa Swima wakaanza kukohoa. Niliona viatu vya baba vikisogea pale vumbini, kimoja kikipanda juu ya kingine, naye ni mtu ambaye hatikisiki. Ndipo kando yangu, kutoka chini ya kitenge cha mama, ikatoka sauti ya chini, nyembamba, sawasawa na yangu. Sauti zetu ni moja. Kwenye simu hata shangazi hutuchanganya.

"Baba, mupokee," ilisema.

Vigelegele vikapasuka. Nilimtazama mama, naye alikuwa ameinamia mkeka kana kwamba amedondosha sindano.

Hiyo ndiyo filamu iliyouza televisheni Baraka. Patron hakuuza kwa bei wala kwa ukubwa, aliuza kwa machozi yangu. Alisimama barazani na rimoti mkononi, akangoja baba aulize mara ya tatu, na jibu lilipotoka tu, tone kubwa likiwa limening'inia kwenye kope, akaisimamisha picha.

"Bantu ya Baraka, mukuje muone!" alipaza sauti. "DVD ilikuwa inatufichaka mambo mingi. Muangalie huyu mutoto. Muhesabu machozi! Hata ile iko bado mu jicho, inaonekana!"

Wakahesabu. Wanawake waliotoka kununua unga walitua beseni zao wakahesabu. Vijana wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda walichangishana, wakabeba televisheni moja juu ya pikipiki, imefungwa kwa godoro. Wasichana waliokaribia kuolewa walikuja kujifunza, na mmoja alivuka barabara kuniuliza.

"Dada, unafanyaka namna gani juu machozi itoke mbio hivi?"

"Kwanza usitake kuolewa," nilimwambia.

Akacheka, akanipiga begani, akarudi kutazama.

Na mdomo wangu ulikuwa umefungwa. Pale pale Patron aliposimamisha picha, mdomo wangu ulikuwa umebana kabisa, mkubwa kuliko mlango wa duka, jibu limetoka sasa hivi na midomo haijasogea. Kwa DVD ya zamani ungeona ukungu tu. Kwa flashi, mtu yeyote mwenye macho angeona. Nilishona huku nikingoja mmoja atoke katika kundi lile aseme, ngoja kwanza, nani amejibu? Hakutokea. Wote walikuwa wanatazama machozi.

Mtu atauliza kwa nini sikusema mwenyewe. Ningesema nini? Ningemsimamisha mama yangu mbele ya koo mbili na kumwita mwongo, na baba aonekane amepokea mali kwa jibu la uongo. Na mama yangu nampenda. Ningemchukia ningekuwa nimetoka siku nyingi.

Mume wangu hakunipiga. Watu wakisikia hivyo hushusha pumzi na kuuliza, sasa shida iko wapi? Shida ni kwamba nilipotaka kwenda ziwani aliuliza na nani, nilipotaka kwenda kanisani aliuliza kurudi saa ngapi, na nilipotaja Uvira alicheka, akaomba chumvi. Kibaraza cha kushonea alinipa yeye, akakichagua mbele ya duka la Patron kwa sababu marafiki zake walikuwa wakishinda pale. Jioni alikuja kusimama nao, mikono nyuma, akijitazama anavyotabasamu kwenye televisheni.

"Mama ya machozi!" Patron aliniita akinivushia soda, na mume wangu akavimba kichwa.

Mama alikuwa akija kwangu na nguo za kushona. Aliketi kwenye kigoda akiipa mgongo televisheni, kila mara, hata jua likimpiga usoni. Baba kwenye filamu akianza kuuliza, mama alianza kuongea kwa sauti kubwa habari za mihogo. Tulijua sote wawili. Nilimpima kifua, nikampima mkono, nikaandika kwa chaki. Nilikuwa nimechoka naye na sikutaka aondoke.

Siku niliyoondoka haikuwa na kisa. Niliomba ruhusa ya kwenda kumzika mama wa rafiki yangu upande wa Fizi, nikakataliwa, nikamaliza kuosha vyombo, nikafunga nguo zangu katika kitenge, nikaenda kwa baba. Baba aliniona mlangoni na kile kifurushi, akashika kiuno.

"Ulijibu weye mwenyewe," alisema kabla sijafungua mdomo.

Wakaitwa wazee. Baba mdogo wa mume wangu alikuja kutoka Swima na watu wake, mume wangu akafuatana nao, wakaketi uani pale pale palipokuwa na mkeka wangu. Nilisema sikukubali. Nilisema hivyo tu, sikwenda mbele, nikimtazama mama aliyekuwa akichambua mboga ambazo zilikuwa zimekwisha kuchambuliwa.

"Maneno mingi ya nini?" baba mdogo alisema, amefurahi kabisa. "Film iko. Tuende tuangalie kama hakujibu."

Basi familia mbili zikainuka na kuandamana hadi sokoni kwenda kuniangalia. Patron alipoelewa tumefuata nini, nilidhani atakufa kwa furaha. Alitoa viti vya plastiki, akavipanga kama vya mahakama, akapandisha sauti. Soko likaacha kuuza, likasogea. Mimi nilisimama pembeni na kifurushi changu, na kwa mara ya kwanza mama hakuwa na njia ya kuipa mgongo televisheni, kwa maana kiti chake kiliwekwa katikati.

Baba wa kwenye filamu akauliza, akauliza tena, akauliza mara ya tatu. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko nilivyokikumbuka. Kisha sauti ikatoka, safi, bila mkwaruzo: "Baba, mupokee." Na Patron, mkono umeshazoea, akaisimamisha picha.

"Munasikia?" baba mdogo alisema.

Nilikuwa namtazama baba yangu. Yeye hakutazama machozi. Alitazama mdomo wangu kwenye televisheni, akautazama muda mrefu, kisha polepole akageuza kichwa kumtazama mama. Amelala kando ya sauti ile tangu ujana wake. Imemwamsha, imemgombeza, imemwambia chakula tayari. Hawezi kuikosea. Nikaona amejua. Nikawaza, imekwisha, sasa atasema.

Akasafisha koo.

"Tulisikia siku ile, na leo tumesikia tena," alisema. "Alijibu."

Akasimama, akampa baba mdogo mkono. Siku ya mkeka baba alikuwa hajui, na kwa ajili hiyo nilikuwa nimemsamehe mengi. Sasa alijua, na alinifungia mlango akiwa anautazama. Watu wa Swima wakaanza kuvuta viti. Mume wangu akaja akashika kifurushi changu, kwa upole, kama anavyofanya kila kitu, na vidole vyangu vikaanza kukiachia.

"Zimisha ile tele," mama alisema.

Patron akacheka. "Mama, ngoja kwanza bantu waone hii machozi..."

"Zimisha."

Akazima. Bila filamu, soko lilikuwa kimya sana, ungesikia motori ya mtumbwi kule ziwani. Mama alisimama, akaja mbele yangu, akakinyang'anya kifurushi mkononi mwa mume wangu, akakiweka chini kati yetu. Akaniuliza, si kwa kunong'ona, kwa sauti ya kusikika na kila mtu aliyekuwa pale.

"Mutoto yangu, unapenda kurudi kwa bwana yako?"

"Mama batoto," baba alisema nyuma yake, "maneno imeisha."

Hakumgeukia. Kimya kikaanza kurefuka kama siku ile, wazee wakaanza kukohoa, nami nikajikuta nangoja yeye anijibie. Mama akaweka kiganja juu ya mdomo wake mwenyewe, akakibana, na macho yake yakabaki kwangu.

Nikasema hapana.