Mngurumo Ubavuni mwa Gari

Kabiru wa Mbotela alikuwa ametengeneza vitanda vya magari ya safari kwa miaka mingi bila kulalia hata kimoja. Watu walimletea matatu zilizochoka, akang'oa viti, akachomelea vitanda vya kukunja, kabati la masufuria na meza ya kubana ukutani. Gari likiisha, mwenyewe aliliwasha akaenda zake Samburu au Mombasa, na Kabiru akabaki kwenye kibanda chake kando ya Barabara ya Jogoo, akigonga mabati. Kugonga huko ndiko kulikomla masikio. La kushoto lilikuwa limekufa kabisa. La kulia lilitaka mtu asogee na apaze sauti. Mkewe, Ndindi, alishazoea kumgusa bega kwanza ndipo amwambie neno.

Mwaka huu Hodo, muuzaji wa vitambaa kwa jumla anayekaa mtaa wa Fedha, alimletea gari alitengeneze kwa ajili yake, mumewe Khalif na watoto wao wawili. Siku ya kulichukua alipanda ndani, akakunjua kitanda, akakitazama kwa mashaka.

"Fundi, hiki kitabeba mtu mzima kweli?"

"Kitabeba ng'ombe."

"Wewe umewahi kulala kwenye gari kama hili?"

Kabiru akacheka tu. Lakini Hodo si mtu wa kuacha jambo lining'inie. "Basi tunaenda pamoja. Wewe na mama mtalala humu, sisi na watoto tutapiga hema. Kikianguka, kianguke na aliyekitengeneza!"

Ndindi alidhani ni mzaha mpaka Jumamosi asubuhi, honi ilipolia nje ya mlango wao. Akafunga chapati kwenye kitambaa, akakwapua blanketi zito, wakaondoka.

Kambi ilikuwa upande wa Kimana, si mbali na Amboseli. Ndindi alikuwa amejiandaa kuona msitu wa kutisha, kumbe alikuta watoto wa watu wakikimbizana na mpira, akina mama wakichoma mahindi, na nguo za ndani zimeanikwa kati ya miti bila aibu. Kulikuwa na vyoo safi na bomba la maji. Kisha palikuwa na seng'enge nyembamba ya umeme, na ng'ambo yake kidimbwi cha maji, na baada ya hapo nchi tupu mpaka macho yachoke.

Akamgusa mumewe bega. "Baba Jacky, hakuna ghorofa hata moja."

"Wala nguzo ya stima," alisema Kabiru. Walisimama hapo kwa muda, wala hakuna aliyekumbuka kushusha mizigo.

Alasiri ilipokuwa ikielekea jioni, Hodo alimimina chai ya viungo. Kabiru alikuwa amesimama kando ya gari, kiganja kimeegemea bati, akipuliza kikombe chake. Mara akashtuka.

"Khalif! Umeacha injini inawaka?"

Khalif akamwonyesha funguo. "Imezimwa tangu mchana, mzee."

Kabiru akarudisha kiganja. Bati lilikuwa likitetemeka, kidogo sana, kama dirisha linavyotetemeka lori zito likisimama nje ya nyumba. Likatulia. Likaanza tena. Akafikiri ni presha yake, akanywa chai yake asimtie mkewe wasiwasi.

Ndipo Yurub, binti mdogo wa Hodo, alipoinua kidole kuelekea mitini.

Tembo walikuwa wakitoka kati ya migunga. Wa kwanza alikuwa jike mkubwa mwenye pembe moja fupi, nyuma yake wengine, na katikati yao ndama aliyejikwaa akashikilia mkia wa mamake. Miili mikubwa namna ile, na hakuna aliyekuwa amesikia hata kijiti kikivunjika! Mpira ulibingirika peke yake ukasimama.

"Wanaongea," mlinzi wa kambi alinong'ona. "Sauti yao nyingine ni nzito mno, sikio la binadamu haliipati."

Ndindi akampelekea mumewe maneno hayo kwenye sikio la kulia. Kabiru akamkodolea macho, kisha akamshika mkono akaubandika kwenye bati. Ndindi akamtaja Mungu, "Ngai!" Khalif akaweka wake, akasema "Subhanallah" kwa sauti ya chini. Hodo na watoto wakaja. Wote wakapanga viganja ubavuni mwa gari kama watu wanaoapa.

Kabiru aliweka shavu kabisa. Hapo hakuna aliyekuwa akisikia kumzidi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, ilikuwepo sauti ambayo hakuhitaji mtu amrudilie. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta, kwa kuwa kuyafuta kungemtaka aondoe shavu.

Tembo walikunywa, wakajimwagia matope, wakaenda kimya kama walivyokuja.

Kitanda kiliwabeba Kabiru na Ndindi usiku kucha. Asubuhi Hodo alipoanza kukunja hema, Kabiru alimwomba jambo asilowahi kumwomba mteja: wabaki siku moja zaidi. Hodo akamtazama, akalikunjua hema tena.

Mlinzi akafungua lango la seng'enge, akawapeleka kidimbwini. Nyayo zilikuwa pale kwenye udongo, pana kama sinia. Ndindi akavua viatu, akaingia ndani ya unyayo mmoja, miguu yake yote miwili ikaenea na nafasi ikabaki.

"Toka sasa, tuendelee," Kabiru akamwambia.

"Subiri kidogo," alisema Ndindi, macho chini kwenye unyayo, "subiri kwanza."