Marahaba Kabla ya Shikamoo

Juzi nilimpeleka mwanangu kupimwa sare kwa fundi cherehani wa Raskazone. Tulimkuta mchungaji kijana wa Presbiteri akijaribu suti mpya. Anagombea umoderata, yaani ukuu wa kanisa lao.

"Simama wima, mkubwa mtarajiwa!" fundi alimtania.

Mara akaingia mchungaji mzee. Fundi akaninong'oneza kwamba huyo ndiye aliyembatiza kijana, na sasa wanawania kiti kimoja.

Kijana akanyoosha mkono, kidevu juu. "Habari yako, mwenzangu?"

Mwenzangu! Futi ya kupimia ilimponyoka fundi. "Astaghafirullahi," akasema. Mimi nilimbana mwanangu mkono kana kwamba yeye ndiye aliyekosa adabu.

Mzee akaupokea ule mkono kwa mikono yake miwili. "Marahaba, mwanangu. Suti imekukaa vizuri."

Kijana aliinama. "Shikamoo, baba."

"Nimeshaitikia," mzee akamjibu kwa upole.

Sijui watamchagua nani, na mimi si muumini wao. Ila jana mwanangu aliniamkia, "Mambo, mama!" Nikamjibu, "Marahaba," kisha nikasubiri.