Gunia la Ramadhani

Juzi mchana niliingia mgahawa mmoja Lindi mjini kununua samaki wa kukaanga. Nikiwa kaunta, macho yakaanza kuniwasha. Mpishi, mama wa makamo, alikuwa akikaanga huku akikohoa, ameziba pua kwa upindo wa kanga. Juu ya jiko lake feni ya kuvuta moshi ilinguruma kwa nguvu zote, lakini moshi haukwenda popote.

"Shikamoo mama. Feni hii mbovu?"

"Marahaba. Nzima, mwanangu. Bomba la nje ndilo limezibwa." Akanyoosha mwiko juu. "Mwezi wa Ramadhani majirani walilalamika, tukipika futari harufu inawafuata wakiwa na swaumu zao. Bosi akapanda juu ya bati, akasokomeza gunia."

Ramadhani ilikwisha zamani. Gunia limebaki, limelowa mafuta. Tone moja lilipenya kwenye feni, likadondoka pembeni ya karai, moto ukaruka. Mama alisogeza mkono tu, akaendelea kugeuza samaki.

Nikamgeukia bosi, aliyekaa mlangoni penye hewa. "Gunia hilo likishika moto je, ndugu yangu?"

Akahesabu kwa vidole. "Ramadhani imebaki miezi minne. Nikilitoa sasa, si nitapanda tena kulirudisha?"

Harufu ya mwezi mmoja ilipata watu wa kuilalamikia. Kikohozi cha yule mama cha miezi yote hii hakijapata hata mmoja, na mimi nilichukua samaki wangu nikaondoka.