Wenye boti za pontoon: kabla hujampa fundi kazi, soma yaliyotukuta kwenye send-off ya mdogo wangu

Wakuu, salaam kwenu mliopo kazini mnaochungulia simu chini ya meza, na mliopo nyumbani mnaosubiri umeme urudi.

Naandika huu uzi na bado sijakaa sawa. Nitaeleza kama ilivyokuwa. Nikiongeza chumvi kuna watu wa kunisuta, maana baadhi ya waliokuwepo siku ile ni members wa humu na najua watasoma.

Kuna mdau aliwahi kuomba maoni humu kwa wenye boti za pontoon: kama ungeitengeneza upya yako, ungebadilisha nini? Wengi walijibu mambo ya spika, taa za rangi na sehemu ya kuchomea nyama. Mie nilichangia kwamba ningeongeza friji.

Friji, wakuu! Nikikumbuka nasikia aibu.

Kwa wasioijua, sizungumzii pantoni la Kigamboni linalovusha magari. Hii ni boti bapa ya kutembezea watu. Chini ina maboya mawili marefu ya aluminium, moja kulia na moja kushoto. Juu yake inalazwa sakafu ya mbao, inazungushiwa reli, inapangwa viti. Haiyumbiyumbi, ukiwa juu unajiona upo sebuleni. Ndio maana waoga wa maji wanaipenda.

Katikati ya yale maboya, chini ya sakafu, kuna uwazi. Maji yanapita humo kutoka mbele hadi nyuma kwenye mashine. Naomba huo uwazi muukumbuke.

Yangu ilitengenezwa Chang'ombe, kwenye karakana ya fundi anaitwa Deo, kwa mchoro tuliouchukua mtandaoni. Deo alifanya kazi safi na siwezi kumsema vibaya, alifuata mchoro. Shida ni kwamba mchoro ulichorwa na watu ambao wakipanda boti wanakaa. Wanakunywa soda zao, wanaangalia maji, wanarudi kwao.

Sasa tuambiane ukweli, sie tukiwa na shughuli tunakaaga?

Haya, tuje kwenye tukio.

Mdogo wangu Tumpe alikuwa anaolewa. Tumezaliwa wawili tu, na baba alifariki tukiwa wadogo. Mama ndiye aliyetulea, kwa mshahara wa ualimu wa shule ya msingi huko Temeke. Sasa hivi amestaafu. Kwao ni Tukuyu, miaka yote aliyokaa Dar bahari anaiangaliaga kwa mbali tu, na kuogelea hajui hata kidogo.

Tumpe akataka send-off ya mchana, ya familia na majirani wachache, juu ya boti ya kaka yake. Mama alikataa katakata.

"Mtoto anaagwa nchi kavu," akasema. "Majini mnamuagia nani?"

Mie ndiye niliyembembeleza. Nikamwambia, mama, ile boti haizami hata ukitaka. Akaniangalia kama anavyomuangalia mwanafunzi aliyesema kafanya homework. Mwisho akakubali kwa ajili ya Tumpe.

Na kweli haikuzama. Hilo sikumdanganya.

Tukaondoka Kunduchi Jumamosi mchana, bahari shwari. Kila mtu amevaa life jacket, hapo nilikuwa mkali kuliko askari wa barabarani. Nahodha wangu anaitwa Shomari. Akatia nanga sehemu tulivu, pua ya boti ikaelekea mkondo, akazima mashine. Watu walikuwa pungufu ya uwezo wa boti. Narudia, pungufu, ili asije mtu hapa kuniambia nilijaza.

Mpiga picha akashauri kiti cha mama kiwekwe mbele kabisa, mgongo kwenye geti la kupandia, ili picha zitoke na bahari nyuma yake. Kiti kikavishwa kitambaa cha dhahabu. Mama akakaa, kapendeza, mkoba ameubana magotini kwa mikono yote miwili.

Kula kukaisha. MC akashika kipaza sauti.

"Sasa tunakwenda kumtuza mama mzazi! Kina mama na vitenge vyenu, wajomba, majirani! Simtaki mtu aliyekaa! DJ, achia!"

Mnajua kinachofuata. Hakuna Mtanzania anayebaki kwenye kiti hapo. Shangazi kaanza, mstari ukafuata nyuma yake, vitenge juu, viuno vinafanya kazi. Mama akafungwa kitenge cha kwanza mabegani, juu ya life jacket, kikapigwa fundo. Kikaja cha pili, cha tatu, wa mwisho akamvika chekundu. Mama alishasahau bahari, anacheka mpaka anafuta machozi. Mie nilikuwa kwenye mstari na simu mkononi, narekodi.

Shomari alikuwa nyuma anapunga mikono na kupiga kelele. Nilidhani na yeye anashangilia.

Nikasikia ubaridi miguuni. Kutazama chini, maji yanapanda kwenye kapeti.

Boti nzima ilikuwa imehamia mbele, wakuu! Nyuma hakuna mtu hata mmoja wa kuweka uzito. Pua za maboya zikazama, sakafu ikawa mteremko, na kiti cha mama kikateleza kinyumenyume mpaka kwenye geti. Lile geti lilikuwa linafungukia nje, na komeo lake ni lile dogo la mlango wa choo. Likaachia.

Mama alikuwa mbele yangu anacheka. Halafu hayupo. Hakupiga hata kelele.

Watu wakakimbilia nyuma wakipiga mayowe, pua ikainuka. Nikafika getini. Kitambaa cha dhahabu kinaelea. Mama hayupo. Nikatazama kulia, hayupo. Kushoto, hayupo. Sijawahi kuisikia akili yangu ikikataa kufanya kazi kama siku ile, nilikuwa naita "mama" kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

Mara mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Yule paleee!"

Kitenge chekundu kilikuwa kimeshatokea nyuma ya boti, mkondo unakipeleka. Wote tukajua ni yeye.

"Shomari, washa!" nikasema. "Washa mashine tumfuate! Washa!"

Shomari akarukia ufunguo.

Tumpe hakuangalia kitenge wala nini. Alijitupa chini na gauni lake jeupe, akajigaragaza kwenye kapeti lililoloa, analia kama wanavyolia kina mama msibani. Shangazi anamvuta mkono ainuke, yeye anamkwepa. Kwa jicho la pembeni nikamuona amenyamaza ghafla, shavu limelala sakafuni.

"Usiwasheee!" akapiga kelele sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Anagonga! Mama anagonga! Yupo hapa chini!"

DJ akazima muziki.

Ngo. Ngo. Ngo.

Naijua ile gonga. Ndivyo alivyokuwa anagonga meza darasani akitaka watoto wanyamaze.

Mkono wa Shomari ulikuwa kwenye ufunguo. Akauchomoa taratibu, akampa shangazi. "Shika huu, shangazi. Usimpe mtu yeyote, hata huyu bosi." Akaruka majini.

Nimekuja kuelewa baadaye. Mama alipoangukia mbele, mkondo ulimwingiza kwenye ule uwazi niliowaambia. Life jacket ikamwinua mpaka kichwa kikagusa sakafu kwa chini, uso ukabaki kwenye kahewa kembamba kati ya maji na mbao. Tulikuwa tumesimama juu ya kichwa chake. Kitenge chekundu kilimvuka tu mabegani kikaenda zake. Na mwisho wa huo uwazi kuna mashine, na mashine ina pangaboi la kukata maji.

Shomari akaibuka pembeni. "Mzima! Kashika chuma. Lakini hatoki hapo, jaketi linamwinua juu, na vitenge vimefungwa juu yake, fundo kwenye fundo. Nikimvuta chini kwa nguvu atakunywa maji."

Sauti ya mama ikatoka chini ya miguu yetu, ndogo lakini imenyooka. "Msinizamishe!"

Nikamwambia Shomari akae naye. Nikachukua kisu cha keki nikachana kapeti. Mjomba akaleta nanga ya akiba. Chini ya ile mbao kuna vyuma, huwezi kupiga popote, kwa hiyo Shomari akamsogeza mama pembeni akawa anagonga kwa chini kutuonyesha pa kupiga, kisha na yeye anajiondoa hapo. Tukapiga. Mbao ile ni ngumu jamani, niliinunua mwenyewe nikijisifu ngumu! Tulipiga mpaka ikapata ufa, mjomba akaingiza meno ya nanga, mie nikabomoa kwa mikono. Viganja vyangu vilichanika na wala sikusikia.

Ukatoka mkono wa mama, umeshika kiatu. Ndicho alichokuwa anagongea.

Tumpe ndiye aliyeudaka. Tukamvuta na vitenge vyake vyote. Akakaa sakafuni anakohoa, akamtazama bibi harusi juu mpaka chini, akasema, "Ona gauni lilivyoloa."

Tumpe akacheka na kulia kwa pamoja. Sie wengine tulilia tu.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwake. Nilimkuta kibarazani anachambua mchele, viganja vimechubuka kama vyangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Akachambua wee, halafu akauliza bila kuinua macho. "Sauti iliyosema washa ilikuwa yako?"

"Ilikuwa yangu, mama."

"Ungeiwasha kweli?"

"Ningeiwasha."

Akatoa kijiwe kwenye ungo akakitupa. "Nilikuwa naiona ile mashine," akasema. "Mkondo ulikuwa unanivuta kwake, miguu ndiyo imetangulia."

Wakuu, mie ni mtu mzima nina watoto. Nililia pale kibarazani majirani wanapita. Mama akanisogezea ungo nimsaidie kuchambua, na hatukuliongea tena.

Sasa maoni yangu, maana ndio lengo la uzi.

Geti la mbele lifungukie ndani. Nje kamwe. Komeo liwe la chuma linaloingia sakafuni, na mbele ya geti kuwe na kizuizi ili kiti kisifike hapo hata mpiga picha aseme nini.

Ule uwazi kati ya maboya uzibwe kwa mbele na wavu wa chuma, maji yapite, mtu asipite. Pangaboi nalo lijengewe kizimba. Fundi atakwambia boti itapungua mwendo. Mwambie hatuna haraka.

Yule mdau aliyesema kwenye ule uzi anataka boya la tatu katikati, ni wazo zuri, ila mwambie fundi maboya yote yarefushwe mbele kuzidi sakafu. Mchoro wetu ulikuwa unafikiria watu waliotulia. Chora ukiwaza mstari wa shangazi na vitenge.

Meza ya keki, kiti cha heshima na MC viwe katikati ya boti. Na nahodha awe na swichi ya kukata muziki. Shomari alituona mapema, ila spika nilizonunua kwa mbwembwe zilikuwa na nguvu kumzidi.

Life jacket vaeni, asije mtu akasema nimewaambia msivae. Ndiyo iliyomwekea pua juu ya maji. Vitenge tu ndio vingoje nchi kavu.

Na kubwa kuliko yote, mlango sakafuni. Lile tundu tulilobomoa sikuliziba. Nilimpelekea Deo, akalinyoosha kingo, akaweka mfuniko wenye bawaba unaofunguka ukiwa juu na ukiwa chini. Siku hizi hatuwashi mashine bila mtu kupiga magoti, kuufungua na kutazama. Wateja wanatushangaa. Waache washangae.

Mfuniko ulipokamilika mama alisema anataka kuuona. Nikashtuka, nikadhani hataki hata kusikia neno boti. Nikampeleka karakana. Boti ilikuwa imepandishwa juu ya magogo, akainama akaingia chini yake, peke yake, pale kati ya maboya. Nikataka kumfuata akanizuia kwa mkono.

Alikaa humo kitambo. Akausukuma mfuniko, ukafunguka, akaufunga. Halafu akanyoosha mikono juu akashika kile chuma, akabaki amekishika.

"Fundi," akaita. "Umefanya vizuri. Weka na kamba huku chini, ianzie mbele ifike mpaka hapa mlangoni. Ipige mafundo mafundo."

Deo akainama kumtazama. "Kamba ya kazi gani, mama?"

"Ya kushikia," mama akasema. "Chuma kinateleza, na mikono inachoka."

Deo alikwenda kutafuta kamba. Mie nilitoka nje nikasimama kwenye jua.

Kamba ipo, imefungwa mbele mpaka nyuma, ina mafundo. Uwanja ni wenu sasa, pingeni, ongezeni, nisahihisheni, nitasoma yote. Ila mwenye pontoon kabla hajaniandikia habari za friji aanze kunijibu hili: mama yako akiwa chini ya hiyo sakafu, ameshika nini?